Vijana wa Kiyahudi Katika Barabara ya Selma

Kabla shule za Marekani hazijafungwa mwezi Juni, wazazi wa Kiyahudi wenye watoto wa miaka 15 hadi 17 huwa wamekwisha kuamua jambo ambalo kwao si dogo: likizo ndefu ya kiangazi kijana aitumie wapi ili arudi nyumbani akiwa amekua kiakili na kiimani. Wengi huwapeleka kwenye makambi yaliyo kando ya maziwa na misitu, ambako vijana huogelea mchana na kuimba Kiebrania usiku. Wengine huwapeleka Israeli kwa majuma kadhaa. Lakini ipo njia ya tatu, ambayo haizungumzwi sana nje ya jamii hiyo, nami naiona kuwa yenye ujasiri mkubwa kuliko zote: kuwapandisha vijana basi na kuwazungusha ndani ya Marekani yenyewe, hasa katika majimbo ya Kusini, wakajifunze historia ya ubaguzi wa rangi na ya harakati za haki za kiraia pale pale ilipotendeka.

Mipango ya namna hii si mipya. Chama cha vijana wa masinagogi ya mrengo wa kidini uitwao Conservative kilianza safari zake za basi za kuvuka Marekani, zinazojulikana kama USY on Wheels, katika miaka ya 1960. Mpango wa Etgar 36, ulioanzishwa na Billy Planer mjini Atlanta mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliichukua desturi hiyo ya basi ukaipa shabaha kali zaidi: vijana wakutane ana kwa ana na watu waliotenda historia, na pia na watu wanaobishana leo kuhusu siasa za nchi, kisha wajiulize wana wajibu gani kama Wayahudi na kama raia. Masinagogi na shule nyingi za Kiyahudi nazo huandaa safari zao fupi kwenye njia hiyo hiyo. Mimi si Myahudi. Ni mwalimu wa historia niliyelelewa Tanga na kuhamia Atlanta, na nimekuwa nikikutana na makundi haya ninapowapeleka wanafunzi wangu Alabama. Nayatazama kwa jicho la mtu ambaye kazi yake inamlazimu kujua kwa nini mtoto husahau alichokisoma kitabuni na hukumbuka alichosimuliwa akiwa amesimama mahali penyewe.

Anayetaka kuelewa kwa nini Wayahudi hutilia mkazo jambo hilo na aanzie kwenye meza ya Pasaka ya Kiyahudi. Andiko linalosomwa usiku huo humwagiza kila mtu, katika kila kizazi, ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Kukumbuka kwamba mababu walitoka utumwani hakutoshi. Anayekula mkate usiotiwa chachu anatakiwa aonje utumwa ule kama wake. Na Torati, katika kitabu cha Kutoka, inakataza kumwonea mgeni kwa sababu moja tu, kwamba ninyi mnaujua moyo wa mgeni, maana mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya pamba ya Alabama na Mississippi waliisikia hadithi hiyo hiyo ya Musa na Farao, wakaifanya kuwa yao, wakaiimba. Kwa hiyo kijana wa Kiyahudi anapofika Montgomery, mji mkuu wa Alabama, hukuta kwamba hadithi aliyoisikia mezani kwa babu yake watu wengine walikwisha kuiishi, katika ardhi ambayo pengine hao babu zake walifika wakiwa huru na wakiwa weupe. Ugumu wa safari hii unaanzia hapo, na ubora wake pia.

Makundi mengi huanzia Atlanta, nami nafurahi kwamba huanzia hapa, kwa kuwa mji huu haumpi kijana nafasi ya kujiona mtazamaji tu. Kwenye barabara ya Peachtree lipo sinagogi kubwa liitwalo The Temple. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 12 Oktoba 1958, lililipuliwa kwa baruti. Hakuna aliyeumia kwa sababu jengo lilikuwa tupu, ingawa saa chache baadaye watoto wangekuwa wamejaa katika madarasa ya dini. Rabi wake, Jacob Rothschild, alikuwa amehubiri dhidi ya ubaguzi wa rangi kwa miaka mingi katika mji ambao wengi wa waumini wake wangependa anyamaze. Walioshtakiwa walikuwa watano, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Rothschild hakurudi nyuma. Mwezi Januari 1965, Martin Luther King aliporudi na Tuzo ya Nobel na wakubwa wa biashara wa mji wakasitasita kumpongeza hadharani, rabi huyo alikuwa mmoja wa walioandaa karamu ambamo watu wapatao 1,500, weusi kwa weupe, waliketi katika ukumbi mmoja kwa heshima ya King.

Hiyo ni sehemu nyepesi kuisimulia. Nje kidogo ya Atlanta, katika mji wa Marietta, ipo sehemu nzito. Leo Frank, Myahudi aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha penseli, alihukumiwa kifo mwaka 1913 kwa mauaji ya mfanyakazi wa miaka 13, Mary Phagan, baada ya kesi iliyozungukwa na umati wenye chuki. Gavana John Slaton alipoibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha mwaka 1915, kundi la wanaume lilimtoa Frank gerezani usiku, likamsafirisha hadi Marietta na kumnyonga mtini asubuhi ya tarehe 17 Agosti. Jimbo la Georgia lilimpa msamaha mwaka 1986, miaka zaidi ya 70 baada ya kufa. Kiongozi mvivu angeishia hapo, vijana wakarudi kwenye basi wakiwa na hakika kwamba wao pia walikuwa upande wa walioteswa. Kiongozi mwenye heshima kwa vijana huendelea. Huwaeleza kwamba shahidi mkuu dhidi ya Frank alikuwa mtu mweusi, Jim Conley. Kwamba wanahistoria wengi leo wanaamini Conley ndiye aliyeua. Na kwamba hata hivyo mawakili wa Frank walijaribu kumwokoa mteja wao kwa kutumia dhidi ya Conley lugha ya ubaguzi wa rangi ambayo kila mzungu wa Georgia aliielewa. Mtu aliyeonewa anaweza kumwonea mwingine ndani ya kesi ile ile. Sijui somo gumu kuliko hilo kwa kijana wa miaka 16, na sijui umri bora zaidi wa kulipokea.

Montgomery huongeza uzito huo. Vijana wote wanalijua jina la Lehman Brothers, benki iliyoanguka mwaka 2008 na kuitikisa dunia. Wachache wanajua kwamba ilianzia hapa, katika duka la Wayahudi waliotoka Bavaria, Ujerumani. Henry Lehman alifika mwaka 1844, ndugu zake Emanuel na Mayer wakamfuata, nao wakapokea pamba kutoka kwa wakulima kama malipo ya bidhaa hadi wakawa wafanyabiashara wa pamba. Pamba hiyo ilivunwa na watumwa, na familia yenyewe ilimiliki watumwa. Mwaka 1861 Montgomery ukawa mji mkuu wa kwanza wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa, na katika baraza la mawaziri wa serikali hiyo alikuwamo Myahudi, Judah Benjamin. Kwa hiyo Wayahudi wa Kusini walikuwapo pande zote. Wengi wao waliishi kama majirani zao weupe walivyoishi, kwa faida ile ile na kwa ukimya ule ule.

Ukiwa umebeba habari hiyo kichwani, unapanda mlima mdogo hadi kwenye Ukumbusho wa Kitaifa wa Amani na Haki, uliofunguliwa tarehe 26 Aprili 2018 na shirika la Equal Justice Initiative la wakili Bryan Stevenson. Nguzo za chuma zaidi ya 800, kila moja ikiwa ya kaunti moja, zimeandikwa majina ya watu waliouawa na umati kwa sababu ya rangi yao. Majina yanayojulikana yanapita 4,400. Mwanzoni nguzo ziko usawa wa uso wako, kisha sakafu inateremka taratibu, hata mwishowe zinaning'inia juu ya kichwa chako. Waliojenga mahali hapa walikuwa wameutazama ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya uliopo Berlin, na jumba la makumbusho la ubaguzi wa rangi la Johannesburg. Vijana huligundua jambo hilo wenyewe, hasa wale waliokwisha kufika Berlin na familia zao, na hapo huulizana kama mateso mawili yanaweza kuwekwa katika sentensi moja bila kuibiana. Nimesikia mjadala huo ukiendelea kwenye nyasi nje ya lango kwa muda mrefu, viongozi wakiuacha uende, na nikawaheshimu kwa kutouharakisha.

Birmingham, mji mwingine wa Alabama, ndiko mahali ambapo umri wa wasafiri unakuwa hoja yenyewe. Tarehe 2 Mei 1963 wanafunzi weusi walianza kutoka shuleni na kukusanyika katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, kisha wakatoka kwa makundi kwenda kuandamana kupinga ubaguzi. Siku ya kwanza walikamatwa kwa mamia, na siku ya pili Bull Connor, aliyekuwa msimamizi wa polisi na zimamoto, akawaelekezea mbwa na maji ya mipira ya kuzimia moto. Wengine walikuwa na umri wa miaka 8 au 9. Katika bustani ya Kelly Ingram, mkabala na kanisa, njia ya kupita imewekewa sanamu za mbwa wa chuma wanaoruka kutoka pande zote mbili, nawe huna budi kupita katikati yao. Mwezi Septemba mwaka huo kanisa hilo lililipuliwa, wakafa wasichana wanne: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson waliokuwa na miaka 14, na Denise McNair aliyekuwa na miaka 11. Wasafiri wa basi ni wakubwa kuliko hao wote. Baada ya kulisikia hilo, hakuna kijana anayeweza kusema kwamba mambo haya yanamhusu atakapokuwa mtu mzima.

Na Birmingham pia kuna sura ya Kiyahudi ambayo haistahili kufichwa. Mwaka 1958, miezi michache kabla ya mlipuko wa Atlanta, vijiti 54 vya baruti viliwekwa kwenye sinagogi la Beth-El la mji huo. Utambi ulizimika kabla ya kulipuka. Wayahudi wa Birmingham waliishi na hofu hiyo. Mwezi Aprili 1963 viongozi wanane wa dini, mmoja wao akiwa rabi Milton Grafman, walitia saini taarifa iliyoyaita maandamano ya King kuwa yasiyo na busara na yasiyo ya wakati wake, na hao ndio King aliowajibu katika barua yake mashuhuri aliyoiandika akiwa jela. Majuma machache baadaye marabi 19 kutoka kwenye mkutano wao wa Kaskazini walifunga safari kwenda Birmingham kusimama na King, nao Wayahudi wa mji huo wakawapokea kwa uchungu: ninyi mtarudi kwenu, walisema, sisi ndio tutakaobaki na baruti. Vijana hupewa taarifa ya viongozi wanane pamoja na jibu la King, hukaa wawili wawili kama wanafunzi wa Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, wakaavyo, na hutakiwa kumtetea kwanza yule wasiyekubaliana naye. Mimi nasimama na King bila kusita. Lakini nimejifunza kutomdharau mtu ambaye jamii yake ingekuwa na watu wa kuwazika kama utambi ungeendelea kuwaka.

Selma, mji mdogo wa Alabama, hufikiwa kutoka Montgomery kwa barabara ambayo waandamanaji wa haki ya kupiga kura waliitembea kinyume, umbali wa kilomita 87. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 walipigwa na polisi kwa marungu na gesi ya machozi kwenye daraja la Edmund Pettus, lililopewa jina la jenerali wa jeshi la waliojitenga. Majuma mawili baadaye, tarehe 21 Machi, waandamanaji walivuka daraja lile wakilindwa na askari wa serikali kuu, na katika mstari wa mbele pamoja na King alikuwamo rabi Abraham Joshua Heschel, mwenye ndevu nyeupe zilizotawanyika. Heschel alizaliwa Warsaw mwaka 1907, akaiponea Ulaya kwa kuondoka mapema, na Wanazi wakawaua mama yake na dada zake watatu. Baada ya siku ile aliandika kwamba alihisi miguu yake ilikuwa ikisali. Picha yake hutundikwa katika shule nyingi za Kiyahudi, na kila kijana huja Selma akiwa ameibeba.

Viongozi wazuri hawaipunguzi picha hiyo. Huweka nyingine pembeni yake. Kwenye barabara ya Broad, ile ile inayoelekea darajani, lipo sinagogi la matofali mekundu la Mishkan Israel, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 wakati Selma ilipokuwa na jamii imara ya wafanyabiashara wa Kiyahudi. Leo jamii hiyo imekwisha karibu yote. Wayahudi hao wa Selma hawakumkaribisha Heschel. Wengi wao walikaa kimya, na baadhi yao waliunga mkono ubaguzi waziwazi. Upande wa pili wa mji, nyuma ya kanisa la Brown Chapel, Joanne Bland kwa miaka mingi aliwapokea wageni katika kiwanja walikokusanyika waandamanaji. Yeye alikuwa na miaka 11 siku ya marungu darajani. Alikuwa akiwaambia vijana waokote kokoto katika kiwanja hicho, waitazame, wajue kwamba waliokanyaga pale walikuwa watu wa kawaida. Kijana anayetoka kwenye sinagogi tupu hadi kiwanja hicho kwa mwendo wa dakika chache amepewa Uyahudi wa aina mbili, ule wa Heschel na ule wa madirisha yaliyofungwa, na hakuna anayemwambia achague upi kuwa wa babu yake. Anapewa vyote, kwa kuwa vyote ni vyake.

Mississippi ni somo la kiangazi kingine. Mwaka 1964 mamia ya wanafunzi wa vyuo, wengi wao weupe kutoka Kaskazini na idadi kubwa kati yao wakiwa Wayahudi, walikwenda huko kuwaandikisha weusi kupiga kura na kufundisha katika shule za uhuru. Tarehe 21 Juni, James Chaney aliyekuwa na miaka 21, Andrew Goodman miaka 20 na Michael Schwerner miaka 24 walikamatwa karibu na mji wa Philadelphia wa Mississippi walipokwenda kuliona kanisa lililochomwa, wakaachiwa usiku, wakafuatwa na kuuawa. Maiti zao zilipatikana tarehe 4 Agosti ndani ya boma la udongo la bwawa. Chaney alikuwa mweusi wa Mississippi. Wenzake walikuwa Wayahudi wa New York. Nchi nzima ilitafuta, na mjane wa Schwerner, Rita, alitamka hadharani kwamba utafutaji ule ungekuwa mdogo kama Chaney angekuwa peke yake. Alisema kweli. Wakati wa msako zilipatikana maiti za vijana wawili weusi wa miaka 19, Henry Dee na Charles Moore, waliouawa mwezi Mei, na magazeti hayakukaa nao muda mrefu. Edgar Ray Killen alitiwa hatiani kwa vifo vya wale watatu tarehe 21 Juni 2005, miaka 41 kamili baadaye. Nawaomba viongozi wa safari hizi wasiache kuyataja majina ya Dee na Moore, na wale ninaowajua huyataja.

Maisha ya ndani ya basi nayo yana utaratibu wake, na ndio unaoifanya safari hii kuwa ya Kiyahudi zaidi ya ziara ya historia. Chakula hufuata sheria za kosheri, jambo linalotaka maandalizi makubwa katika miji midogo ambako kila jiko lina nyama ya nguruwe. Ijumaa kabla ya jua kuzama basi huegeshwa na halisogei tena hadi nyota zitoke Jumamosi. Vijana husali na waumini wa mji walikofikia, ambao pengine ni wazee wachache wasiokuwa wamesikia sauti za watoto sinagogini kwa muda mrefu. Sabato hufungwa kwa mshumaa uliosukwa, kikombe cha divai na viungo vya kunusa, mara nyingi karafuu. Katikati ya Julai na Agosti huangukia Tisha B'Av, siku ya kufunga na kuomboleza Hekalu lililobomolewa mara mbili. Wanaoifunga hukaa sakafuni na kusoma kitabu cha Maombolezo juu ya mji uliokuwa umejaa watu na sasa umekaa mkiwa. Kukisoma kitabu hicho jioni ile ile uliyotoka Birmingham ni elimu ambayo mtaala wa darasani hauwezi kuipanga.

Sehemu inayobishaniwa zaidi na wazazi ni ile ya kuwakutanisha vijana na watu wanaopingana. Katika safari za Etgar 36 wanaotetea haki ya kutoa mimba husikilizwa, na wanaoipinga husikilizwa vilevile; wanaotaka bunduki zidhibitiwe, na wanaoziona kuwa haki ya raia. Wazazi wengine huuliza kwa nini mtoto apelekwe kumsikiliza mtu ambaye familia inaamini amekosea kabisa. Jibu lipo katika vitabu vyao wenyewe. Shule mbili za wanazuoni, ya Hillel na ya Shammai, zilibishana miaka mitatu, na Talmudi inasimulia kwamba sauti kutoka mbinguni ilitamka kuwa maneno ya wote wawili ni maneno ya Mungu aliye hai, ingawa sheria inafuata Hillel. Sababu iliyotolewa ndiyo ninayoipenda: watu wa Hillel walikuwa wapole, nao walifundisha maneno ya wapinzani wao kabla ya maneno yao. Hoja ya aliyeshindwa haikufutwa, bali iliandikwa ili wajao waisome. Hata hivyo nina mpaka wangu. Kuhusu bei ya mafuta na kodi, pande mbili ni halali. Kuhusu kama Chaney alikuwa mtu kamili, upande ni mmoja, na kijana anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno yasiyozunguka. Basi zuri hujua tofauti hiyo.

Ninapowatazama nafikiria Bagamoyo. Nilipokuwa kidato cha pili tulipelekwa huko, tukaoneshwa minyororo, tukaambiwa Waarabu na Wazungu walifanya hivi na vile, tukala mihogo ufukweni, tukarudi. Hakuna aliyetuambia kwamba baadhi ya waliowakamata watumwa na kuisindikiza misafara yao walikuwa watu wa pwani na wa bara, wa majina kama yetu, na kwamba familia fulani za miji yetu zilitajirika kwa hilo. Walimu wetu walitupenda, nadhani walitaka kutukinga. Vijana wanaofika Selma hawakingwi hivyo, nami sioni kwamba wanatoka wakiwa na chuki kwa watu wao. Wanatoka wakiwauliza bibi zao maswali kwa simu, usiku ule ule: sisi tulikuwa wapi mwaka 1965, na tulisema nini?

Memphis, katika jimbo la Tennessee, huja mwishoni kwa makundi mengi, katika Moteli ya Lorraine ambako King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na ambayo tangu 1991 ni jumba la makumbusho. King alikuwa amekwenda kuwasaidia wazoa taka waliogoma. Meya aliyekataa kuwasikiliza, Henry Loeb, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi kabla ya kuhamia Ukristo. Siku iliyofuata mauaji, rabi James Wax wa sinagogi la Temple Israel aliongoza viongozi wa dini hadi ofisini kwa Loeb na, mbele ya kamera, akamwambia kwa sauti iliyopanda kwamba zipo sheria kubwa kuliko za Memphis na za Tennessee, nazo ni sheria za Mungu. Watu wawili waliotoka katika jamii moja walitenganishwa na upana wa meza. Safari nzima imo katika chumba kile.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza ni gharama: safari ya majuma kadhaa ni maelfu ya dola, na ingawa masinagogi na mashirikisho ya Kiyahudi ya miji hutoa misaada, kijana wa familia ya kipato cha chini bado hulazimika kuomba, na kuomba si jambo jepesi katika umri huo. La pili ni zito zaidi. Basi lililojaa vijana wa Kiyahudi pekee, likipita katika miji ya watu weusi kusikiliza maumivu yao kisha kuondoka, lina upungufu hata likiongozwa kwa unyenyekevu wote. Wapo walioliona hili zamani. Mwaka 1985, mjini Philadelphia katika jimbo la Pennsylvania, mbunge William H. Gray na kiongozi wa Kiyahudi George Ross walianzisha Operation Understanding, mpango uliowachukua vijana weusi na vijana wa Kiyahudi wa sekondari kwa pamoja, wakasoma historia ya kila upande na kusafiri pamoja. Katika miaka ya mwanzo walikwenda Senegal na Israeli, na baadaye walishika njia ya Kusini mwa Marekani.

Katika mpango wa namna hiyo, swali linaloulizwa chini ya nguzo za Montgomery halijibiwi na mtu aliyesoma tu. Kijana anayeketi kiti cha pili pengine anatafuta jina la kaunti ya bibi yake, na jirani yake anajifunza kunyamaza pale anapopaswa kunyamaza na kusema pale anapopaswa kusema. Nimekwisha kuwaandikia waandaaji wawili wa hapa Atlanta kuwaomba wafungue nafasi kwa wanafunzi wa shule yangu katika safari zao fupi za mwisho wa juma, gharama zigawanywe kati ya masinagogi na makanisa ya jirani. Mmoja amekubali tukutane mwezi ujao kuanza kupanga njia, na mimi nimependekeza tuanze na Marietta.